Unasoma Chuo, Unataka Kurusha Ndege ya Jeshi: Maswali Yanayoulizwa Sana

JWTZ inapotangaza nafasi, vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na DIT na CBE hujaa kuanzia asubuhi. Vijana wanatoa nakala za vyeti, wanapiga picha za pasipoti, wanaulizana bei ya bahasha ya kaki. Katika foleni hizo hakosekani anayesema kwa sauti kuwa yeye hataki uaskari wa kutembea kwa mguu, anataka kurusha ndege. Wenzake wanacheka, lakini swali lake ni la haki, na mtaani majibu yake yamechanganyika na mambo ya kwenye filamu, ya Kenya na ya Marekani. Hapa tunajibu kwa mazingira ya mwanafunzi wa Tanzania, hasa yule anayesoma katikati ya Dar es Salaam, akipita Kariakoo kila siku kwenda darasani.

Naweza kuomba moja kwa moja kuwa rubani wa jeshi?

Hapana. Jeshi huchagua askari kwanza, kisha miongoni mwa askari wake likatafuta marubani. Tangazo la nafasi linakuita ujiunge na JWTZ. Ukichaguliwa unapita mafunzo ya awali ya kijeshi kama kuruti, kwenye shule kama ile ya Kihangaiko mkoani Pwani, na huko mwenye shahada na mwenye cheti cha kidato cha nne wanapiga kwata uwanja mmoja. Kurusha ndege ni kazi ya maafisa, kwa hiyo lazima baadaye uchaguliwe kuwa afisa mwanafunzi, uende Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, utunukiwe kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu ukiwa Luteni Usu. Baada ya hapo Kamandi ya Jeshi la Anga inaweza kukuchukua, ikakupima upya, na ikaamua kama unafaa kukaa mbele ya usukani.

Hesabu milango hiyo mwenyewe. Kila mmoja una mlinzi wake, na hakuna barua ya maombi inayoruka mitatu kwa pamoja. Kijana anayeingia jeshini akiwa tayari kuwa askari wa kazi yoyote anaweza kufika kwenye urubani. Anayeingia akidhani ameahidiwa ndege ataumia mapema, na pengine atatoroka, na utoro jeshini ni kosa linalokupeleka mbele ya mahakama ya kijeshi.

Mbona Marekani mwanachuo anajiandaa urubani hukohuko chuoni?

Kwa sababu wana mfumo ambao sisi hatuna. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vina mpango uitwao ROTC: mwanafunzi anasoma shahada yake ya kawaida, anavaa sare siku fulani za wiki, na akihitimu anapewa kamisheni. Uingereza kuna vikosi vya anga vya vyuo vikuu, ambako mwanafunzi huonjeshwa kuruka kabla hajaajiriwa na mtu. Mlimani, DIT, IFM na CBE hawana kitu cha namna hiyo. Ukiona video ya kijana wa miaka 20 anarusha ndege ya mafunzo akiwa mwaka wa pili wa chuo, furahia, lakini usipange maisha yako kwa ramani ya nchi yake.

Wenye ndugu ughaibuni nao wajue hili: Jeshi la Marekani humpokea mwenye kadi ya ukazi wa kudumu kama askari wa kawaida, ila uafisa, na kwa hiyo urubani wa ndege zake, unahitaji uraia. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa Tanzania. Na kule nako hakuna cha bure: rubani wa Jeshi la Anga la Marekani hufungwa na mkataba wa miaka 10 tangu siku anapohitimu urubani.

Kenya ni karibu zaidi na sisi, lakini nako mlango ni tofauti. Wanatangaza nafasi za maafisa wanafunzi kando na za askari wa kawaida, wanadai wastani wa B kwenye mtihani wa KCSE, kisha wanawapeleka Lanet, Nakuru. Nafasi hizo ni za raia wa Kenya.

Umri wangu unaniruhusu?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yameweka ukomo wa umri kulingana na elimu: aliyemaliza kidato cha nne au cha sita asizidi miaka 24, mwenye stashahada asizidi 26, mwenye shahada asizidi 27. Yamedai pia mwombaji awe raia wa kuzaliwa, awe na kitambulisho cha taifa, awe hajaoa wala kuolewa, asiwe amewahi kutumikia Polisi, Magereza au vikosi vya aina hiyo, na awe na cheti cha kuhitimu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Soma tangazo la mwaka husika, maana masharti yanaweza kubadilika. Lakini anza kupiga hesabu sasa.

Chukua msichana aliyemaliza kidato cha sita Benjamin Mkapa akiwa na miaka 19. Akienda JKT kwa mujibu wa sheria mwaka huohuo anapata cheti chake baada ya miezi mitatu hivi. Anaingia chuo, anasoma uhandisi miaka minne, anahitimu na 23. Ana miaka minne mbele yake ya kusubiri tangazo. Huyu yuko vizuri.

Sasa chukua kijana aliyemaliza kidato cha nne na miaka 18, akajiunga na stashahada ya DIT. Baada ya miaka mitatu ana 21. Anaunganisha na shahada ya miaka minne, anamaliza na 25. Hakupita kidato cha sita, kwa hiyo hakuitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Njia iliyobaki kwake ni JKT ya kujitolea, ambayo ni miaka miwili. Anatoka kambini na 27, amegonga dari. Tangazo likichelewa mwaka mmoja tu, safari imeishia hapo, na alama zake zote nzuri za chuo hazimsaidii.

Kwa kijana kama huyu ushauri wangu ni mmoja: kama jeshi ndilo analolitaka kwa dhati, aende JKT ya kujitolea akiwa na stashahada mkononi, na shahada aiache kwanza. Atatoka na 23, akiwa bado chini ya ukomo wa 26 kwa miaka mitatu. Shahada haikimbii. Monduli yenyewe siku hizi inatoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, na askari wengi wamesoma wakiwa kazini.

Kuna kundi la tatu, la waliomaliza kidato cha sita wakapangiwa kambi ya Ruvu, Mafinga au Makutupora, wasiripoti kwa sababu shangazi alisema huko ni mateso, au kwa sababu duka la mjomba Mtaa wa Congo lilihitaji mtu. JKT kwa mujibu wa sheria ilisitishwa mwaka 1994 ikarejeshwa 2013, na tangu hapo cheti chake kimekuwa ufunguo wa ajira nyingi za ulinzi. Mdogo wako akipangiwa kambi, mwambie aende.

Kwenda JKT kunanihakikishia kuingia jeshini?

Hakukuhakikishii. JKT wenyewe huandika kwenye matangazo yao kwamba hawatoi ajira na hawahusiki kuwatafutia vijana kazi. Unatoka na nidhamu, stadi za kazi na cheti.

Nisome kozi gani?

Mwombaji wa JWTZ hadaiwi shahada ya urubani. Jeshi hufundisha marubani wake lenyewe na kwa gharama ya serikali. Lakini darasa la rubani limejaa fizikia: namna hewa inavyobeba bawa, namna injini inavyovuta, shinikizo la hewa, mawingu, urambazaji, redio. Aliyepita PCM au PGM na akaelewa ana mwanzo mzuri kuliko aliyekariri.

Matangazo yanapotaja fani adimu, mara nyingi utaona uhandisi wa ndege, elektroniki, mitambo, uongozaji wa ndege, hali ya hewa. Kwa hiyo mwanafunzi wa uhandisi wa elektroniki DIT yuko karibu na mlango. Mwanafunzi wa matengenezo ya ndege pale NIT Mabibo yuko karibu zaidi. Wa masoko CBE hajafungiwa, ila ajue kwamba fani yake haimpi upendeleo, na hesabu za kidato cha nne atazihitaji tena.

Ipo faida nyingine ya kuchagua hivi, na mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza. Watakaofika kwenye usukani ni wachache sana. Mhandisi wa ndege asiyechaguliwa kuwa rubani bado ni mhandisi wa ndege, jeshini au ATCL. Aliyesoma hali ya hewa Mlimani au kwenye chuo cha Kigoma bado ana kazi Mamlaka ya Hali ya Hewa. Chagua kozi ambayo ungeifurahia hata kama ndege utaiona kutoka chini.

Na Kiingereza kisidharauliwe. Mawasiliano ya anga duniani kote yanaegemea lugha hiyo, na mikataba ya kimataifa inamtaka rubani wa safari za nje awe amepimwa na kufikia angalau daraja la nne kati ya sita.

Macho yangu yana shida. Nimeshaachwa?

Inategemea shida yenyewe. Kwenye ndege za abiria, miwani haimzuii mtu mradi akiivaa anaona inavyotakiwa. Majeshi huwa makali zaidi, hasa kwa ndege za kivita. Kipimo kinachowashangaza wengi ni cha rangi. Daktari anakufungulia kitabu chenye kurasa za vidoti vya rangi mbalimbali, ndani yake kuna namba. Mwenye macho ya kawaida anasoma 12, 8, 29 bila kufikiri. Asiyetofautisha nyekundu na kijani anaiona 12 kama wengine, lakini kurasa nyingi zinazofuata anasoma namba isiyo sahihi au anaona vidoti vitupu. Wengi wenye hali hii, na karibu wote ni wanaume, wanaishi hadi ukubwani bila kujua, wananunua nguo Kariakoo na wanavuka barabara salama. Hairekebishiki kwa dawa. Nenda kapimwe CCBRT au Muhimbili mapema, kabla hujajenga ndoto ya miaka mitano juu ya jambo usilolijua.

Mwili nao unapimwa: urefu ukiwa umekaa, urefu wa mapaja, uzito. Kiti cha ndege ya kivita hurushwa nje kwa baruti ndege ikiharibika, na magoti marefu kupita kiasi yanaweza kugonga dashibodi. Ndege inapokata kona kali kwa nguvu mara saba ya uzito wa kawaida, mtu wa kilo 70 anajihisi kama ana kilo 490, na damu inakimbia kutoka kichwani kushuka miguuni. Moyo dhaifu hauhimili hilo. Kwa hiyo vikundi vya jogging vya Jumamosi asubuhi vina maana, ilimradi baada ya kukimbia usimalizie na soda tatu na chipsi mayai.

Marubani wa JWTZ wanafunzwa wapi?

Jibu limo kwenye historia ya kikosi cha anga, ambayo ni fupi na ina siasa nyingi. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya askari yaliyoanzia kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Wajerumani wa Magharibi ndio walioanza kusaidia kikosi cha anga, wakajitoa mwaka 1965 baada ya ugomvi kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar. Wakaja Wakanada na ndege za usafirishaji, Otter na Caribou, wakakaa hadi 1970. Kisha China ikashika, ikaleta ndege za kivita na kusaidia kujenga kituo cha Ngerengere, Morogoro. Mpaka leo ndege unazoziona zikipita angani kwenye sherehe za kitaifa, kama F-7 na K-8 za mafunzo, asili yake ni China.

Somo kwa mwanafunzi ni kwamba mafunzo ya urubani yanaweza kukupeleka nchi nyingine, kwa lugha nyingine, kadri serikali inavyokubaliana na rafiki zake. Uamuzi huo si wako. Na rubani wa jeshi si lazima awe wa ndege ya kivita. Kuna helikopta, kuna ndege za mizigo zinazobeba vifaa, viongozi na wagonjwa. Ukipanda daladala za Gongo la Mboto kutoka Kariakoo, ukipita uwanja wa ndege kuelekea Ukonga, utasikia kondakta akiita Airwing. Jina hilo la mtaa limetokana na kikosi cha anga.

Nikitaka njia ya kiraia badala yake?

Ni halali, na kwa baadhi yenu ni bora. Mwenye mamlaka ya leseni ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17 na saa 40 za kuruka. Ya biashara inaanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa kozi iliyounganishwa. Ya juu kabisa, ya nahodha wa ndege kubwa, inataka miaka 21 na saa 1,500. Zamani Watanzania walisoma Soroti, Uganda, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza, na chuo hicho kipo hata sasa. NIT nayo imekuwa ikijenga shule yake ya marubani.

Kikwazo ni fedha. Kila saa moja ya kuruka ni mafuta, injini na mwalimu, na jumla yake ni mamilioni mengi ambayo bumu la chuo haliwezi hata kuyasogelea. Jeshini hulipi ada, unalipa kwa miaka yako. Askari haachi kazi kwa notisi ya mwezi mmoja kwa sababu shirika fulani la ndege limetangaza mshahara mnono. Atakayeona hilo ni zito achague njia ya kiraia mapema, bila aibu.

Wasichana je?

Matangazo yanawaita vijana wa jinsia zote, na vigezo vya elimu ni vilevile. Sharti la kutooa au kutoolewa linawagusa wavulana na wasichana. Mchumba asiyetaka kusubiri anataka kujua mapema, kwa hiyo mwambie.

Kuna mtu ananiambia ana koneksheni makao makuu. Nimpe hela?

Usimpe. Nafasi za jeshi haziuzwi, na JWTZ imeonya mara nyingi kuhusu matapeli wanaojiita maafisa. Mbinu yao inajulikana: anakuita kwenye mgahawa, amevaa fulana ya mabaka chini ya koti, anakuonyesha picha za vijana akidai amewaingiza, anataka kianzio cha "faili". Kwa nini afisa wa kweli afanyie usaili kwenye chai na chapati?

Hayo mabaka nayo ni hatari. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye nguo zinazofanana na sare za jeshi wazisalimishe. Kofia au suruali ya mitumba ya mabaka unayoiona kwenye meza ya Kariakoo kwa bei poa inaweza kukuharibia jina kabla hujaomba chochote. Iache mezani.

Na vyeti vya kuchonga ndiyo kabisa. Aprili 2017 uhakiki wa serikali uliwanasa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wamefanya kazi miaka mingi. Jeshi linahakiki na Baraza la Mitihani kama wengine.

Nifanye nini nikiwa bado chuoni?

Kwanza, toa cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa, vipange mezani sambamba, usome jina herufi kwa herufi. Kimoja kikiandika Mohamedi, kingine Mohamed, na cha tatu kimeruka jina la babu, tayari una kazi. Kurekebisha kunahitaji RITA, NIDA, na wakati mwingine wakili wa hati ya kubadili jina, na huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi linavyokaa wazi. Tazama na tarehe ya kuzaliwa, maana kuna wazazi waliopunguza miaka ili mtoto apokelewe shule, na sasa karatasi zinapingana.

Pili, usikamatwe na bangi, ugomvi wa baa wala deni la mtandaoni linalofika polisi. Rekodi safi haipatikani haraka ikishachafuka.

Tatu, jifunze kuandika barua kwa mkono. Matangazo ya karibuni yamedai maombi ya kuandikwa kwa mkono, na kizazi cha simu kimesahau kuandika sentensi tatu zilizonyooka. Tangazo likitoka, lisome kwenye chanzo cha jeshi lenyewe hadi mwisho, siyo picha iliyokatwa nusu kwenye grupu la WhatsApp. Makao Makuu ya Jeshi sasa yako Dodoma. Asijitokeze mtu kukupokelea bahasha yako Upanga, yalikokuwa zamani.